Pale Penye Jina

Shangazi Hadija aliwasha jiko kabla hajaniuliza hata swali moja.

Alilitenga uani, chini ya dirisha la sebule, akalipepea mwenyewe mpaka makaa yakashika vizuri, kisha akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka na kunitazama. Kati yetu kulikuwa na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na kipande cha ngozi ya mbuzi, upana wa viganja viwili, kimejaa maandishi ambayo Ujiji nzima hapakuwa na mtu wa kuyasoma isipokuwa mimi. Mtu mwingine aliyeweza kuyasoma alikuwa akiishi mtaa wa Mwanga, na huyo ndiye aliyeyaandika, na jina lake tangu asubuhi lilikuwa marufuku nyumbani kwetu.

"Baba yako akirudi kutoka sokoni Kibirizi ataamua," alisema. "Mimi nimeshaamua, lakini mwenye nyumba ni yeye."

"Shangazi, hii ni kazi ya darasa."

"Darasa gani linaandika kwenye ngozi? Madaftari yamekwisha madukani?"

Siku nyingine ningecheka. Ulimi wa shangazi ndio ulionilea, na wengi husema nimeurithi wote. Lakini siku hiyo macho yangu yalikuwa kwenye ngozi tu. Kesho yake saa tatu asubuhi nilitakiwa kumwonyesha mwalimu ngozi ile na kuisoma kwa sauti. Huo ndio ulikuwa mtihani wa mwisho. Bila ngozi hakuna mtihani, bila mtihani hakuna safari ya Gondar, Uhabeshi, na ngozi yenyewe ilikuwa hatua tano kutoka kwenye makaa. Hayo ndiyo niliyojiambia kwamba yananitia hofu. Ukweli ni kwamba ingekuwa ngozi tu, ningelia nikanyamaza. Niliyehofia kumpoteza ni mwandishi wake.

Ngoja niseme ilivyoanza, maana nisiposema mtadhani nilikuwa binti wa kujipitisha mitaani.

Mimi ni fundi wa vitabu. Marehemu babu yangu alikuwa akijalidi misahafu na juzuu za madrasa pale Rusimbi, na mimi ndiye mjukuu pekee niliyeweza kukaa karibu na gundi yake bila kuziba pua. Alipofariki nikabaki na sindano zake, kibanio chake cha mbao na wateja wake. Kisha nikasikia habari za masomo ya kiangazi, wiki nane mfululizo, kila siku kwa kompyuta: lugha ya Ge'ez, ile kongwe ya vitabu vya Uhabeshi, pamoja na namna vitabu vyenyewe vilivyotengenezwa, ngozi yake, wino wake, uzi wake. Ni lugha ambayo leo hakuna mtoto anayeililia maziwa. Imebaki makanisani na vitabuni. Atakayefaulu vizuri angeitwa Gondar mwaka mzima, kwenye karakana ya kutengeneza vitabu vilivyochakaa.

Baba alikubali kwa sababu moja tu. "Nchi ya Najashi," alisema. "Mfalme aliyewapokea masahaba walipoonewa Makka. Lugha ya watu wale haiwezi kuwa na ubaya." Shangazi hakukubali, ila alinyamaza, na shangazi akinyamaza ujue anangoja.

Kigoma yote tulikuwa wanafunzi wawili. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Kihabeshi aliyekuwa akitokea kwenye kioo amejitanda shuka nyeupe, alitupanga tusome pamoja. Mwenzangu alikuwa Telesphory Ndikumana, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Mwanga, ambako mtandao haukatiki hovyo kama kwetu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa huku huku. Alisoma seminari miaka mitatu akatoka. Sikumuuliza kwa nini. Wiki ya tano akanieleza mwenyewe, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari: "Niligundua napenda vitabu vya Mungu kuliko kazi ya Mungu."

Wapenzi wengine huanza na mashairi. Sisi tulianza na kitenzi cha kuua, maana ndicho mwalimu alichotupa kwanza cha kujifunzia. Aliua, uliua, niliua, waliua, asubuhi mpaka adhuhuri, yeye upande ule wa meza na mimi upande huu, mlango wa duka wazi ili watu wasiseme. Watu walisema.

Siwezi kutaja siku niliyoanza kumpenda. Najua tu kwamba wiki ya tatu niliacha kulala vizuri, na wiki ya nne nilikuwa nikifika dukani nusu saa kabla ya darasa na kujidai nimekuja kunoa kalamu za matete. Wiki ya sita tulitengeneza ngozi. Tuliinunua mbichi buchani, tukailoweka, tukaivuta kwenye fremu ya miti uani kwa mama yake, Mama Léoncie, na tukaikwangua kwa zamu. Mikono ilitunuka siku tatu. Mama Léoncie alituangalia, akatikisa kichwa, akamwambia mwanawe kwa Kirundi maneno ambayo Telesphory alikataa kunitafsiria. Aliona haya mpaka masikio. Nikajua yalinihusu.

Kazi ya mwisho ilikuwa hivi. Waandishi wa kale wa Uhabeshi walikuwa wakiandika dua nzima kwenye ngozi na kuacha nafasi tupu katikati, pale penye jina la mwenye kulindwa na dua hiyo. Mwenyewe akishapatikana, ndipo jina lake lilipotiwa kwa wino mwekundu. Mwalimu akasema kila mmoja amwandikie mwenzake. Mimi nilimwandikia Telesphory dua yake na nafasi nikaiacha wazi. Nikasema wino mwekundu umeniishia. Haukuwa umeisha. Mkono ndio uliogoma, kwa sababu nilihisi nikishaandika jina lile sitakuwa na pa kujificha.

Yeye hakuogopa. Juzi alinikabidhi ya kwangu ndani ya bahasha. "Kaisome nyumbani," alisema. Nikaisoma nyumbani. Nikaisoma tena alfajiri, nikaikunja kwenye kanga na kuilaza chini ya godoro, kama mjinga, nimesahau kwamba kiangazi shangazi huanika magodoro kila Alhamisi.

Na leo ilikuwa Alhamisi.

*

Baba alirudi baada ya sala ya alasiri, harufu ya dagaa ikimtangulia. Watu wote Kibirizi humwita Mzee Zubery, na wachuuzi wakigombana hawaendi kwingine, huenda kwake. Alinawa, akaketi kwenye kiti chake, akaitazama ngozi bila kuigusa. Shangazi alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Ngozi ya mnyama," alimalizia. "Wino mwekundu. Maandishi ya wasiojulikana. Chini ya godoro anapolala. Na mtoto mwenyewe hali, halali, ukimwita mara tatu ndipo anaitika. Kaka, mimi na wewe tumezaliwa Ujiji hii. Unataka nikuambie hiki ni kitu gani?"

"Kina jina lake ndani?" baba aliuliza.

"Ndilo tunalotaka kujua. Likiwemo lake, na la mama yake, basi hakuna haja ya kumwuliza sheikh. Kwenye ndoa huulizwa baba. Kwa mganga huulizwa mama."

Hilo kila mtu kwetu analijua: anayetaka kumfunga mtu huandikisha jina lake na jina la mama aliyemzaa, kwa wekundu. Telesphory hakulijua. Seminari hawafundishi hayo. Na pale katikati ya ngozi, kwa wekundu uliokolea, kwa mkono wake mzuri usiotetemeka, alikuwa ameandika jina langu na la marehemu mama: Mwanamvua mwana wa Asia.

"Mwite huyo kijana," baba aliniambia. "Aje sasa hivi."

Nilimpigia mbele yao, simu ikiwa sauti ya nje. Nilisema, "Baba anakuita nyumbani," na yeye akasema, "Nakuja." Hakuuliza kwa nini. Nilitamani aulize, nilitamani hata akatae.

Alikuja kwa bodaboda, vumbi hadi nyusi, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Kidole chake cha shahada kilikuwa bado na doa jekundu. Nililiona mimi, na shangazi naye akaliona.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba."

"Shikamoo Mama."

Shangazi aliitikia marahaba kwa sababu salamu haikataliwi, lakini aliitikia akiangalia ukuta.

Kisha Telesphory akanitazama. Ilikuwa mara moja tu, kitambo cha kufumba na kufumbua, lakini macho yale yaliniuliza kama nimeumizwa, na yangu yakajaribu kumwambia mambo mengi kwa pamoja na yakashindwa. Nilitaka kumwambia: usilisome jina. Nilitaka kumwambia kuhusu jiko. Baba alikuwa akitutazama sote wawili.

"Nasikia ninyi wawili tu ndio mnaoyajua haya," alisema. "Vizuri. Mimi kule Kibirizi watu wakigombania gunia siwasikilizi pamoja. Mmoja hukaa kando, mwingine nikamwuliza, kisha wanabadilishana. Waongo hupangana, lakini hawapangani kila kitu. Kijana, nenda kakae barazani, upande wa barabara. Mwanamvua, soma. Neno kwa neno, kwa Kiswahili."

Alitoka. Nikasikia ubao wa benchi ukilalamika barazani. Nikaivuta sinia karibu.

Nilisoma taratibu, kidole changu kikifuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume na nilivyozoea madrasa.

"Ee Mola, mwenye mbingu na nchi, mwenye maji na vilivyomo. Njia zote unazijua kabla hazijapitwa."

"Endelea," baba alisema.

"Mlinde mja wako…"

Nikafika pale. Wekundu ule ulinikodolea macho. Shangazi alikuwa ameinamia sinia mpaka mtandio wake ukagusa ngozi.

"Mlinde mja wako huyu," nikasema, "atokapo na aingiapo. Maji yasimtishe, homa isimshike, na ulimi mbaya usimfikie."

"Ulimi wa nani?" shangazi akauliza.

"Wa yeyote, shangazi."

"Na hapa pekundu? Umeparuka."

"Sijaparuka." Nilisogeza kidole. "Hapo pana jina la Mungu. Kwao majina matukufu huandikwa kwa wekundu. Ni desturi, hata mwalimu atawaambia. Mja mwenyewe hakutajwa, nafasi yake huachwa."

Desturi ilikuwa ya kweli. Kilichobaki ndicho kilichokuwa uongo, na niliusema nikimtazama baba usoni, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe. Nikamalizia mstari wa mwisho: "Na wewe usomaye, usimsahau mwandishi. Mkono utaoza, maandishi yatabaki."

Baba alitikisa kichwa polepole. Maneno hayo ya mwisho aliyajua. Hata kwenye vitabu vya babu, waandishi wengi waliaga hivyo.

"Nenda uani," akasema. "Kijana nitamwita mwenyewe, aingie kwa mlango wa mbele. Msionane."

Nilitoka kwa nyuma, nikasimama kando ya jiko. Makaa yalikuwa yameshika sawasawa, joto likinipiga miguuni. Dirisha la sebule lilikuwa wazi juu yangu, na kila neno lilinifikia. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuangusha sufuria. Nilifikiria yote hayo na mikono yangu haikufanya lolote, ilikuwa ikisokota ncha ya kanga tu.

Telesphory alianza. Ana sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kusoma mbele za watu. "Ee Mola, mwenye mbingu na nchi, mwenye maji na vilivyomo. Njia zote unazijua kabla hazijapitwa."

Sawa na mimi, neno kwa neno. Niliomba Mungu. Niliomba akohoe, apate kizunguzungu, mtu abishe hodi.

"Mlinde mja wako huyu, Mwanamvua mwana wa Asia…"

Shangazi alipiga yowe moja fupi.

"Mwanamvua," baba aliita. "Ingia."

*

Telesphory alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma kama walivyofundishwa seminari. Hakuelewa kosa lake. Ngozi ilikuwa mkononi mwa shangazi, ameishika kwa ncha za vidole.

"Umesikia mwenyewe, kaka. Lake na la mama yake. Kwa wekundu. Niiteketeze sasa au ningoje Magharibi?"

"Subiri." Baba alinigeukia. "Huyu amesema pana majina. Wewe ulisema ni jina la Mungu. Nani mwongo?"

"Mimi, baba."

Telesphory aligeuka kunitazama, na nilichokiona usoni mwake kiliniuma kuliko jiko lote lile. Haikuwa hasira. Alikuwa mtu aliyepewa jibu ambalo hakulitaka.

"Uliliruka?" aliniuliza kwa upole. "Uliona aibu jina lako kukaa kwenye mwandiko wangu?"

"Telesphory, sio hivyo."

"Basi ungeniambia. Ningelikwangua. Ngozi inakwanguka."

"Ninyi wawili msizungumze kana kwamba hatupo," shangazi alisema.

Baba aliinua mkono. "Kijana. Jina la mama yake umelipata wapi? Mke wangu alifariki huyu akiwa na miaka minne. Wewe hukumjua. Nani alikutuma ulitafute?"

"Hakuna aliyenituma, Mzee. Yeye mwenyewe aliniambia." Alinitazama kuomba ruhusa, na nikainamisha kichwa. "Tulikuwa tunakwangua ngozi pale kwa mama yangu. Akaniambia anafunga vitabu vya watu wote wa mji huu, ila jina la mama yake halimo katika kitabu chochote. Akasema kaburi halina maandishi. Akasema liko kwenye cheti cha kuzaliwa tu, na hapo wamekosea, wameandika Asha. Akacheka, Mzee, lakini hakuwa anacheka." Alikitazama kidole chake chenye doa. "Wino ulikuwepo na nafasi ilikuwepo. Nikaona angalau ngozi moja duniani iwe nalo, lililo sahihi. Kama kwenu ni vibaya, nimekosa. Sikujua."

"Hukujua kwamba waganga huandika hivyo?"

"Sikujua, Mzee. Mimi nilidhani namwandikia mtu na mama yake."

Shangazi aliitazama ngozi mkononi mwake, pale penye wekundu.

"Na wewe," baba aliniambia. "Huogopi kunidanganya machoni?"

Nilikuwa nimechoka. Wiki nane za kutolala zilinijia pale pale kwa mpigo. Nikasema kila kitu.

"Niliogopa, baba. Niliogopa mtaichoma na kumfukuza, na nisimwone tena. Nampenda. Sijamwambia hata yeye, anasikia sasa hivi pamoja na ninyi. Hajanishika hata mkono. Hakuniandikia dawa. Kama ningetaka kurogwa nisingeamka kila siku saa kumi na moja nikariri vitenzi vya kuua. Nimeshindwa kula kwa sababu yangu mwenyewe."

Telesphory alikuwa ameshika kiti. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko wino.

"Mzee," alisema, "na mimi pia. Afadhali ulisikie kwangu."

"Sikukuuliza," baba alijibu.

Alisimama, akaenda dirishani, akatazama uani. Jiko lilikuwa pale, likimngoja yeye tu. Nikaanza kusoma tena vitenzi kichwani.

"Wewe ni Mkristo," alisema bila kugeuka. "Kwenu ni wa msalaba, kwetu ni wa kibla. Binti yangu haolewi na mtu asiye wa dini yetu. Hilo halina ngozi wala wino, ndivyo lilivyo. Nikilinyamazia leo nitakuwa nakudanganya, na mimi nimetoka kumkemea mtu kwa kusema uongo."

"Naelewa, Mzee. Na mama yangu atasema hivyo hivyo kwa upande wake."

"Atasema. Akiwa mama wa kweli atasema." Baba akageuka. "Kwa hiyo unataka nini nyumbani kwangu?"

"Nilitaka afaulu mtihani wake."

"Afaulu, aende Uhabeshi mwaka mzima. Wewe ubaki Mwanga unatoa kopi."

"Ndiyo, Mzee."

Baba alimkazia macho kama anavyowakazia wale wanaodai gunia lisilo lao. Telesphory hakuangalia chini.

"Hadija, mpe mtoto ngozi yake," baba alisema.

"Kaka."

"Mpe. Mganga haandiki 'usimsahau mwandishi.' Mganga hataki akumbukwe." Akamgeukia Telesphory. "Kesho mfanye mtihani wenu dukani kwako, mlango wazi, na dada yangu atakaa hapo mlangoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Juu ya hayo mengine sijasema ndiyo. Usije ukasikika Mwanga ukisema kwamba Mzee Zubery amesema ndiyo."

"Sitasikika."

"Nenda nyumbani, kijana. Umwambie mama yako ulipokuwa. Usimfiche kama mimi nilivyofichwa."

Nilimsindikiza mpaka barazani tu, hatua ambazo shangazi angeweza kuziona. Bodaboda ilikuwa imeondoka zamani. Ilimbidi atembee mpaka barabara kuu, na kwa mbali, chini ya mji, ziwa lilikuwa limefunikwa na moshi wa milima inayoungua kiangazi, ng'ambo haionekani. Siku tisa zilikuwa zimebaki kabla ya safari, ikiwa ningefaulu. Nilitaka zipite haraka na nilitaka zisipite kabisa.

"Umesema mbele ya watu wote," alinong'ona. "Wiki nane nzima nilikuwa natafuta namna, wewe ukasema mbele ya shangazi yako."

"Ulidhani naona aibu. Ningefanyaje?"

Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Mwanamvua. Ile uliyoniandikia mimi, nafasi yake bado iko wazi. Wino haukukuishia, sivyo?"

"Haukuniishia."

"Nikalijua siku ile ile. Nikasema nitangoja."

Ndani, shangazi alikohoa kikohozi ambacho hakina uhusiano wowote na kifua.

"Kesho nakuja na wino mwekundu," nikamwambia. "Na jina la Mama Léoncie uniandikie vizuri kwenye karatasi, nisije nikalikosea kama walivyokosea la mama yangu."

Aliitikia kwa kichwa, akashuka ngazi, akaenda. Hakugeuka nyuma mpaka kwenye kona, na kwenye kona akageuka.

Nilipoingia, baba alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Shangazi alikuwa uani. Nilisikia akimwaga maji kwenye makaa, yakalia kwa nguvu, na mvuke ukapanda mpaka dirishani. Alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ya kutosha tusikie, kwamba mkaa mzima umepotea bure na kwamba yeye wifi yake alimpenda, asije mtu akadhani hakumpenda.

Ngozi ilikuwa kwenye sinia bado. Nikainama kuichukua.

"Keti," baba alisema.

Nikaketi. Nilidhani sasa ndipo adhabu yangu inakuja, ya uongo wangu na ya mengine. Alivua kofia yake, akaiweka gotini, akawa anaipapasa ukingo. Miaka ishirini na mbili sikuwahi kumsikia akitamka jina la mama. Akimtaja husema "marehemu," akamalizia hapo.

"Kwa lugha yao," aliniuliza, "pia linatamkika Asia? Halibadiliki?"

"Halibadiliki, baba."

"Soma tena," alisema. "Pale penye jina."

Nikaweka kidole kwenye wekundu na kusoma. Mara hii sikuruka kitu.